Kusafisha Kiwanja

Hebu mwone Emuria akiingia kwa mama yake, viatu vyeupe kwa saruji, bahasha ya tenda mkononi. Ni Isiolo, mwaka 1983. Miaka kumi amekuwa fundi chini ya wakandarasi wengine. Leo anaweza kuomba kazi kwa jina lake: kujenga ghala la serikali, karibu na soko la mifugo.

"Nisomee," mama akasema.

"Mkandarasi ataanza kwa kusafisha kiwanja."

"Kiwanja gani?"

"Hiki chetu, mama. Serikali imekichukua."

"Kumbe mimi ni takataka?"

"Nisipoomba, mwingine atakuja kubomoa nyumba hii."

"Huyo mwingine sikumzaa."

Akammiminia chai. Sanduku la tenda lilikuwa linafungwa saa kumi jioni hiyo. Wewe unayenisikiliza, ungeipeleka bahasha ile?