Gari Lisilo na Betri Lililomwashia Mjane Taa

Wakuu, mimi siyo mtu wa kuamini majini. Ila siku ile kijijini Ipole nilitupa spana nikatoka mbio, na sioni aibu kulisema.

Mimi ni fundi umeme wa magari, Tabora mjini. Alinipigia mzee mmoja anaitwa Lugembe. Akasema gari la mdogo wake Raymundi, aliyezikwa wiki tatu nyuma, linawaka taa lenyewe.

"Toeni betri," nikamwambia.

"Tumeshatoa, fundi. Iko hapa barazani. Na taa zinamuwakia mke wake tu."

Kesho yake saa nne asubuhi nikawa uani kwao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Simama hapo ujionee."

Akamwita Koleta, mjane wa Raymundi. Akatoka jikoni na kanga yake nyeusi, akapita kando ya gari.

Taa zikawaka! Vioo vya pembeni vikajifungua taratibu.

Nikafungua boneti. Pa kukaa betri patupu, nyaya zinaning'inia. Hapo ndipo nilipokimbilia kwenye banda la tumbaku. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini.

Lugembe hakucheka.

"Ukoo umekaa, fundi. Marehemu ana neno na huyu mwanamke. Taa hizi zisipozimika leo, kesho anarudi kwao Urambo. Watoto wanabaki hapa."

Koleta alisikia kila neno. Alikuwa anamtazama binti yake Sayi, hajafika hata miaka minne.

Pumzi iliporudi, na akili ikarudi. Magari mengine ya siku hizi yana betri mbili. Ya mbele inawasha injini tu. Ya pili imefichwa nyuma chini ya zulia la buti, na ndiyo inayolisha taa na milango.

"Ufunguo uko wapi, mzee?"

"Ulipotea siku ya msiba. Tumetafuta nyumba nzima."

Nikaona mkono wa Koleta ukishika fundo kwenye pindo la kanga.

Nikaelewa. Ufunguo wa gari lile huna haja ya kuubonyeza. Ukisogea nao karibu, gari linawasha taa.

Ningelisema pale, wangemwita mwizi. Nikapiga fiksi, uongo wa haraka.

"Rudini nyuma wote! Humu kuna betri nyingine, ikipasuka inamwaga asidi. Dada, niletee maji."

Alipofika na ndoo nikamnong'oneza, "Ni huo ufunguo unaowasha taa."

"Najua," akasema. "Raymundi alinionyesha."

Nikajifanya nanawa mikono kwenye ndoo.

"Sasa si ungeuacha ndani tu?"

"Kila asubuhi nikipita hapa naona ananisalimia, fundi. Nilikuwa nasema kesho nitauacha. Ikifika kesho, nasema kesho."

Machozi yakamlenga. Akafungua fundo, akanipa ufunguo chini ya kanga.

"Zima wewe. Mimi sitaweza. Nataka wanangu."

Nikafungua buti, nikainua zulia na kifuniko cha plastiki. Betri hiyo hapo, kubwa kuliko ile ya barazani. Spana namba kumi, nikaanza na hasi, nikamaliza na chanya. Ufunguo nikamrudishia pamoja na ndoo.

"Pita, shemeji," Lugembe akaamuru.

Koleta akapita, ufunguo ukiwa kwenye pindo. Kimya. Akarudi, akapita tena, polepole. Kimya.

"Basi, ametulia," mzee akasema. "Shemeji, utabaki na wanao."

Koleta akakaa chini pale pale akalia, kilio cha kumtoa mtu moyo. Wakasema hata makaburini hakulia hivyo. Wakasema ni furaha.

Toka siku hiyo nalala vibaya, nisiwadanganye. Somo langu ni dogo. Mfiwa ukimwona ameng'ang'ania kitu ambacho kwako ni upuuzi, mpe muda. Kazi yangu ilichukua dakika kumi. Ningeweza kumdanganya mzee kwamba ni ubovu wa gari tu, kuna kifaa nakisubiri kutoka Dar, nikampatia Koleta hata wiki moja ya kuagana na mumewe. Fiksi nilikuwa nazo nyingi siku ile, na hiyo sikuipiga.