Sauti ya Pili Peke Yake

Binti wa dada yangu alikuwa ametuambia kipindi kitaonyeshwa siku gani, lakini matokeo hakutuambia. Waliokwenda kwenye usaili wa mashindano ya kuimba Dar es Salaam walikatazwa kusema kabla televisheni haijaonyesha. Tulijua jambo moja tu: akipita, atabaki huko asomee muziki. Asipopita, atarudi kwetu Basotu kulima vitunguu.

Siku hiyo, baada ya ibada, kwaya yetu nzima ilihamia kibanda umiza, pale watu wanapolipia kutazama televisheni. Vijana waliofuata mpira walinung'unika.

"Mama, huyo wako akishinda utatununulia soda?" mmoja alimtania dada.

"Wewe nitakununulia sabuni."

Washiriki wa mwanzo tuliwahukumu bila huruma. Kisha akatokea wetu, amevaa gauni tusilolijua. Wimbo wa redio aliojiandaa nao majaji waliukatiza.

"Tuimbie kitu cha kwenu, bila ala."

Akaanza wimbo wetu wa sikukuu ya mavuno. Tangu utoto husimama kwenye mstari wa sauti ya pili, na hiyo ndiyo aliyoishika. Kibandani, wanawake wa sauti ya kwanza waliingia bila kuambiwa, nami nikaweka besi. Wimbo ukajaa. Ulipokwisha tulipiga makofi, hata wale vijana.

Jaji mmoja alikuwa anacheka. "Sasa dada, wimbo wenyewe uko wapi?"

Ndipo nilipoelewa. Noti nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu chakavu, kwa hiyo niliweza kuondoa sauti zetu kichwani na kusikia walichosikia wao: noti chache zinazojirudia, na kimya kirefu mahali ambapo wengine huitikia. Hakukosea hata noti moja. Majaji wote walisema hapana.

"Wanasemaje hajui kuimba?" dada aliniuliza.

Nilimweleza taratibu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi wangetuita wote," akasema, akainuka.

Jioni nilimpigia binti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Tumekuona. Uliimba sawasawa."

"Nilikuwa nawasikia ninyi, mjomba. Nilidhani na wao wanasikia."

Nilimuuliza atarudi lini.

Amerudi, anapalilia na mama yake. Kwenye kwaya haji. Juzi nilijaribu kuuanzisha wimbo ule kwenye mazoezi. Wanawake wa sauti ya kwanza walitazama chini, tukaenda kwenye wimbo mwingine.