Mpira Mwembamba Nyuma ya Kiti cha Mgeni

Nasimulia aibu hii mwenyewe kwa sababu dada yangu Clarisse ameshaieneza Lubumbashi nzima, na anavyosimulia yeye naonekana mjinga kuliko nilivyokuwa (ingawa si kwa mbali sana). Familia ya mchumba wake ilikuwa inakuja kuposa, na kwa kuwa baba yetu ameshafariki, wa kupokea wageni nilikuwa mimi, na wa kuwajibu alikuwa baba mdogo.

Sebuleni nina tangi la samaki. Maji yake husafishwa na chujio la nje, chombo kama ndoo yenye pampu, kinachokaa sakafuni: mpira mmoja unashusha maji machafu, mwingine unayarudisha yakiwa safi. Asubuhi hiyo nikautazama ule wa kurudisha, mnene, umeota ukijani, unapita nyuma kabisa ya kiti cha mgeni wa heshima, nikaukata vipande nikautupa, nikaweka mwembamba safi wa kurushia maji kwenye vioo vya gari. Nilijiambia maji yatarudi kwa nguvu zaidi (si unajua ukibana mdomo wa mpira wa bustani kwa kidole yanavyoruka mbali?). Haukuenea kwenye mdomo wa chujio, nikautanua kwa maji ya moto, nikaufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kama tunavyofunga kila kitu mjini hapa.

Maji yakarudi yakichuruzika tu. Mchana Clarisse akaniita ("yaya" kwetu ni mkubwa wako wa kuzaliwa).

"Yaya, samaki zote ziko yulu ya maji, zinafungua kinywa!"

"Acha, zinafurahia bageni."

"Bageni bado kufika, yaya."

Kabla sijajibu umeme ukakatika, na wageni wakabisha hodi.

Msemaji wao, mzee Kasereka, akaketi kwenye kile kiti. Kwetu msemaji wa wageni akishaanza, upande wa mwenyeji haufungui mdomo wala hauinuki mpaka amalize. Ukimkatiza, ni kama umekataa posa. Akaanza: "Tunakuja hapa juu kijana wetu aliona maua mu hii lupango..." (yaani boma letu, na ua lenyewe ni Clarisse) na hapo umeme ukarudi.

Pampu ikanguruma, nami nikaelewa, kwa kuchelewa: kidole kinabana mahali pamoja tu, lakini mpira mwembamba unabana maji njia nzima, kwa hiyo yanayopita ni machache, na pampu inabaki kushindana na mpira. Tone likatokea kwenye kile kifungo cha tyubu, likaja jingine. Nikamkonyeza baba mdogo, akadhani nina mdudu jichoni. Mzee alikuwa bado anataja ukoo wa babu zake. Nikajinyanyua kidogo, Clarisse akanitolea macho, nikakaa.

Mpira ukachomoka.

Maji ya samaki, na harufu yake yote, yakampiga mzee kisogoni, yakashuka ndani ya koti. Hakuinuka. Alifumba macho, akamalizia sentensi yake hadi nukta ya mwisho, ndipo nikaruka kuchomoa waya. Clarisse alikuwa ameshaanza kulia.

Mzee akajipangusa shingo. "Kwetu pia mugeni banamupatiaka maji," akasema. "Lakini ya kunywa." Akamgeukia baba mdogo. "Sasa mutujibu mbio, mbele ya sabuni kufika."

Nyumba nzima ikacheka, na baba mdogo akakubali posa kabla kicheko hakijapoa.

Siku hizi mpira wangu una upana uleule wa mdomo wa chujio, na uote ukijani unavyotaka. Tena nimeapa: nikiona tone, nitamkatiza hata askofu. Mzee Kasereka bado hututembelea, ila husalimia, huangalia tangi liko wapi, kisha huchukua stuli na kukaa karibu na mlango.