Pweza na Ming'oko Mtandaoni

Asia wa Mikindani alikuwa na ulimi ambao ukilamba sufuria, sufuria inatoboka. Aliyeuonja zaidi ni wifi yake Zawadi, maana walipika jiko moja katika nyumba ya wageni ya Veronika. Jiko lile halikuhitaji kiberiti: walitazamana tu, kuni zikashika.

Mwaka 2007 watalii wakapungua. Veronika akasema mpishi anamtaka mmoja, yule ambaye chakula chake kinavuta wageni. Akatengeneza kurasa mbili kwenye tovuti: mmoja una picha ya pweza wa nazi wa Asia, mwingine ming'oko ya kuchemsha ya Zawadi, ile mizizi ya porini. Anayefungua hachagui. Kompyuta inamgawia, kama mtu anayegawa karata kafumba macho.

Wiki ya kwanza pweza akaongoza kwa wageni walioweka nafasi.

"Funga hesabu, dada Vero," Asia akasema. "Wifi akafungashe mafurushi."

"Wageni saba tu, Asia? Rusha sarafu mara saba, yaweza kulalia upande mmoja mara tano. Utasema sarafu imependa?"

"Sarafu haipiki."

"Na wewe hupiki, unaunguza nazi," Zawadi akadakia. "Bahati yako picha haina harufu."

Wiki iliyofuata ming'oko ikampata pweza. Asia akaona jiko linamponyoka. Akakusanya ukoo wake wote kutoka Madimba, mpaka shangazi aliyedhani kompyuta ni redio iliyovimba, akawajaza kwenye intaneti kafe ya Chikongola.

"Ikifunguka tu, bonyezeni 'Weka nafasi'. Msiulize."

Hawakuuliza. Kompyuta ikawagawa kama inavyogawa wengine: nusu wakaona pweza, nusu ming'oko, wote wakabonyeza. Shangazi alimbonyezea Zawadi mara mbili, tena akasifu ming'oko ilivyonona.

Veronika akashangaa watalii wote kutoka Madimba, tena ukoo mmoja. Akawafuta.

"Waliobaki hawatoshi," akawaambia wote wawili. "Tofauti yenu yaweza kuwa bahati tupu, na sifukuzi mtu kwa bahati. Mtapika pamoja mpaka wageni wawe wengi wa kutosha kuniambia ukweli."

"Mpaka lini?" Asia akauliza.

"Kwa mwendo huu? Korosho zitavunwa mara mbili."

Asia akamtazama Zawadi. Zawadi naye akamtazama. Maji yaliyokuwa mezani, hata hayajabandikwa jikoni, yakaanza kutokota.

"Sogea, mwizi wa kubonyeza!"

"Sogea wewe, unayebebwa na shangazi yangu!"