Kompyuta Iliyofanya Kazi Jumapili

Saa tisa alasiri, Jumamosi. Lesieli Fakatava ameibana simu kati ya shavu na bega, na mikono yake yote miwili iko ndani ya tumbo la kompyuta ya mtu. Anazungumza na mteja wa kumi na saba kati ya thelathini na mmoja.

"Umezima?" anauliza. "Hapana mama, kufunga kifuniko sio kuzima. Ukifunga kifuniko inalala tu, na kilicholala kinaamka. Zima kabisa. Nakusubiri."

Upande wa pili mtu anahangaika. Lesieli anasikiliza, anatikisa kichwa, anasikiliza tena. Mwishowe anapata anachotaka, anaweka alama ya vema kwenye daftari na kupiga namba inayofuata.

Hivi ndivyo fundi huyu mwenye miaka arobaini na mitatu anavyomaliza wiki yake, katika chumba kimoja nyuma ya duka la mikate mjini Neiafu, kisiwani Vava'u, nchini Tonga. Nje, watu wanarudi kutoka sokoni na majani ya magimbi na nazi za kesho. Ikifika saa sita usiku, Tonga nzima itaweka kazi chini. Duka halitafunguliwa, ndege haitatua, na atakayeanika nguo atawajibu wazee.

Tatizo ni kwamba kompyuta hazina habari hiyo, ndiyo maana anahakikisha zimezimwa. Lesieli anajua jambo hilo kuliko mtu yeyote mjini, kwa sababu lilimnyang'anya nusu ya wateja na mwaka mzima wa heshima.

Kazi yake kubwa ni masasisho. Kila unapotoka mfumo endeshi mpya, ule unaoiendesha kompyuta yote, huja na mzigo ambao intaneti ya hapa huumeza polepole mno. Lesieli huupakua mara moja tu, alfajiri ya Jumanne kabla mji haujaamka, akaujaza kwenye flashi, kisha akauzungusha nyumba kwa nyumba kwa miguu. Bei yake ni pa'anga ishirini kwa mashine. Wengi humpa kumi na tano na kikapu cha viazi vikuu, naye hupokea bila kununa. Mumewe, Penisimani, yuko Australia miezi saba ya kila mwaka akichuma machungwa.

"Hela ya Penisimani ni ya ada na paa la nyumba," anasema. "Tunachokula kinatoka kwenye flashi hii."

Mashine zenyewe ni za makabila mawili. Majina ya chapa sitayataja, maana kampuni hizo zina fedha za kutosha kujitangaza. Hapa huitwa za Auckland na za Utah, kufuata waliko jamaa waliozituma. Mwenye ya Auckland atakuapia kwamba ya Utah ni kopo la samaki. Mwenye ya Utah atakwambia ya Auckland ni kioo cha kujitazamia. Nimeona wanaume wazima wakirushiana maneno kwa sababu hiyo mbele ya jeneza. Mwandishi huyu ana ya Utah, na ameshaambiwa mengi.

Mashine ya Lesieli haina kabila. Ameiunga kwa vipande vya pande zote mbili, na mahali pa nembo amebandika plasta ya kidonda.

"Watu hawaipendi mashine, wanampenda aliyeileta," anasema. "Nikimwambia mtu chapa yako imechoka, anasikia nimemwambia shangazi yako amechoka. Na shangazi wa mtu humgusi hapa. Akiingia, hata baba yako anatafuta pa kukaa."

Kompyuta ya kanisa la kijiji cha Fangalelei, mwendo wa nusu saa kutoka mjini, ni ya Auckland. Ililetwa na Kalolaine Lolohea, mwenye miaka themanini na minne, anayeishi Māngere, kitongoji cha Auckland. Yeye ni shangazi wa Sateki Lolohea, msimamizi wa kanisa hilo. Kila Jumapili Sateki hukaa pembeni mwa madhabahu na kuiendesha kwa kidole kimoja. Mashine huonyesha beti za nyimbo ukutani, na hapo hapo huirusha ibada mubashara kwa jamaa walio ng'ambo.

Mwaka jana, Jumapili ya watoto ya mwezi Mei, watoto walivaa nguo mpya wakasimama mmoja mmoja kusema mistari yao ya Biblia. Zamu ya Toakase, mjukuu wa Sateki aliyekuwa na miaka mitano, ilifika saa nne na robo. Alifungua mdomo. Ukuta nyuma yake ukawa mweusi, kisha yakatokea maandishi makubwa, yakisomeka na kila mwenye macho: kazi inaendelea, asilimia tatu, tafadhali usizime.

Kanisa zima lilikaa na maandishi hayo kwa dakika arobaini. Ilipofika asilimia kumi na moja, bibi mmoja alianza kulia. Toakase alisahau mstari wake. Kule Māngere, Shangazi Kalolaine, aliyeamka mapema na kuvaa kofia yake ya kanisani ili aketi mbele ya kioo, hakuona kitu.

"Kuonyesha nyimbo ni ibada, hilo hatukatai," Sateki aliniambia wakati ule, uso umemwiva. "Lakini kujiapdeti ni kazi. Na kazi ina mtu aliyeiagiza."

Macho yote yalimgeukia Lesieli, kwa kuwa yeye ndiye aliyeishika mashine ile mara ya mwisho, siku ya Alhamisi. Hakuna aliyemshitaki kwa maneno. Waliacha tu kumpigia simu. Kutoka mashine tisa kwa wiki alibaki na nne, na Fangalelei yote ikamkatia mguu. Kanisa lilirudia kuandika nyimbo kwa mkono kwenye shuka, kwa namba zetu za sauti, zile tunazoimbia badala ya noti, nalo jina lake kwenye daftari Lesieli akalipiga mstari.

Hiyo ilikuwa mwaka jana. Leo, saa kumi kasorobo, Sateki amesimama mlangoni pake. Amebeba kitu kilichofungwa kwenye mkeka kama mtoto mgonjwa.

"Fundi," anasema, akiutazama ukuta.

"Karibu mzee wangu. Pita."

"Imekataa kurusha. Inasema mfumo wake umezeeka, haitaki tena. Na kesho ni Jumapili ya watoto. Shangazi amepiga simu mara tatu. Anasema ana miaka themanini na minne na hana uhakika na Mei nyingine. Anataka kumsikia Toakase."

Kabla Lesieli hajajibu, anaingia Feleti, dereva wa lori la mikate, ambaye kaka yake yuko Salt Lake, Utah, na ambaye hapitwi na neno.

"Mzee Sateki, si nilikwambia uchukue yangu? Ya Utah inaijua Amri ya Nne. Jumapili inakaa kimya, inakunja mikono."

"Sitaingiza kanisani mashine ya kaka yako wakati ya shangazi yangu iko hai."

"Hai? Hiyo iko hai? Mbona umeibeba kama maiti!"

"Feleti," anasema Lesieli, "peleka mikate."

Anaufungua mkeka, anaiwasha mashine, anachomeka flashi. Kisha anaweka masharti yake, kwa sauti ya chini lakini iliyonyooka: kazi itaanza leo na kwisha leo, kabla ya jua kuzama. Isipokwisha, kesho watoto watasema mistari bila Māngere, na yeye mwenyewe atampigia Shangazi simu kumwomba radhi. Sateki anakubali.

Sasisho linakwenda vizuri hadi asilimia sabini na moja, kisha linasimama. Dakika kumi. Dakika ishirini. Sateki anazunguka chumba akivuta mkeka wake wa kiunoni, ule unaovaliwa kwa heshima.

"Chomoa," anasema. "Chomoa uanze upya."

"Ukichomoa sasa, hutakuwa na mfumo wa zamani wala mpya. Tulia, mzee wangu. Haijakwama, inapanga vitu vyake."

Sateki hawezi kutulia. Anatoka nje kupunga upepo. Hapo ndipo namuuliza Lesieli swali ambalo mji mzima haukuwahi kumuuliza: hivi mwaka jana ilikuwaje?

Anafungua mashine yake yenye plasta na kunionyesha kumbukumbu aliyoitoa kwenye kompyuta ya kanisa siku mbili baada ya balaa lile, kabla hawajaacha kumwita, akaichapa na kwenye karatasi. Mashine huandika kila kitu. Saa nne na dakika kumi na nne, tangazo lilitokea kwenye kioo kuuliza: nianze sasa, au baadaye? Saa nne na dakika kumi na tano, mtu alibonyeza *sasa*.

Lesieli anaifunga kumbukumbu. "Haiandiki jina la kidole," anasema.

Haina haja. Kwenye kiti kile hukaa mtu mmoja tu, na wakati huo yuko nje anatembea mbele ya duka la mikate.

Kwa nini alinyamaza mwaka mzima, wateja wakimkimbia?

"Ningemwambia nani? Yule ni mzee wa watu. Ningesimama kanisani na karatasi yangu nimvue nguo mbele ya wajukuu? Ningeshinda, halafu nani angenifungulia mlango?" Anatazama kioo. "Iliniuma. Sitakudanganya, iliniuma sana. Kuna siku tulikula magimbi matupu na mimi nina karatasi ya kunisafisha mezani. Lakini najua kazi yangu. Nilijua mkono wangu haukukosea, nikalala."

Saa kumi na moja na dakika ishirini namba inaruka, sabini na mbili, themanini, tisini na tano. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi mashine inawaka, safi. Lesieli anaijaribu, anaifungia kila mlango wa masasisho hadi Jumatatu mchana, anaizima na kuirudisha kwenye mkeka. Sateki anatoa noti ya ishirini. Anaubeba mkeka, anaondoka.

Jumapili, mashine ilifanya ibada tu. Toakase, sasa miaka sita, alisema mistari minne bila kukwama, na kutoka Māngere uso wa Shangazi Kalolaine ulijaa ukutani pamoja na kofia yake, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Baada ya baraka, mchungaji alimwomba aseme neno.

"Nimefurahi," alisema bibi huyo. "Sasa mniambie. Mwaka jana mlinizimia kwa nini?"

"Ni chapa hiyo, Shangazi!" Feleti alipaza sauti kutoka benchi la nyuma. "Chukua ya Utah!"

"Ninayo ya Utah. Mjukuu wangu alininunulia, huu mwaka wa tatu."

Watu waligeukiana. Sateki aliinua mkono. "Lakini Shangazi, ulitupatia ya Auckland. Tumeitetea miaka yote hii."

"Niliwatumia ile kwa sababu ilikuwa imeshushwa bei, Sateki we! Nani aliwaambia mgombane?"

Kanisa liliangua kicheko, na kwa mara ya kwanza Feleti na watu wa Auckland walicheka jambo moja. Kalolaine hakucheka.

"Kwa hiyo sio chapa," alisema. "Ni nini basi? Fundi aliharibu?"

Lesieli alikuwa benchi la tatu, macho chini. Sateki alisimama. Aliuvuta mkeka wake wa kiunoni ukae sawa, akatazama ukutani, kwa mtu pekee duniani ambaye yeye hawezi kumdanganya.

"Hapana, Shangazi. Fundi hakuharibu kitu. Lilitokea tangazo, likafunika ubeti wa tatu. Sikulisoma. Nikabonyeza ili liondoke. Kidole ni changu. Nimekificha mwaka mzima, na huyu mama akala lawama yangu."

Kisha akatembea hadi benchi la tatu na kuinamisha kichwa mbele ya mtu mdogo kwake kwa miaka kumi na minane. Lesieli alimshika mikono upesi kumwinua, akaanza kulia, na sioni aibu kuandika kwamba hakuwa peke yake.

Jumatatu kulikuwa na kompyuta kumi na mbili mlangoni pake kabla ya saa mbili asubuhi, na nguruwe mdogo kutoka Fangalelei amefungwa kwenye nguzo.

Lesieli haringi. Ana mpango. Kuanzia Juni atafundisha wazee wanaokaa na mashine katika makanisa ya vijiji tisa, kwa muda wa saa mbili kila Ijumaa, watu wa Auckland na wa Utah benchi moja. Somo la kwanza ni kusoma tangazo kabla ya kuligusa. Sateki ndiye wa kwanza kujiandikisha. Feleti naye amejiandikisha, akidai anakwenda kusimamia nidhamu.

"Ndoto yangu sio kubwa," anasema. "Nataka Jumamosi moja nisipige simu hata moja. Niwashe tanuri langu la chakula cha Jumapili mapema kama wanawake wenzangu."

Jumamosi inayofuata, saa tisa kasoro dakika tano, analivuta daftari na kuichukua simu. Kabla hajagusa namba, inaita.

"Fundi, ni mimi Sateki. Nimezima."

"Umezima au umefunga kifuniko?"

"Nimezima kwanza, ndipo nikafunga. Taa imekufa. Nimekaa nayo dakika kumi nikiitazama."

Lesieli anacheka hadi anakaa chini. Anafungua ukurasa wa mwaka jana, ambako jina la kanisa la Fangalelei lina mstari katikati, na chini yake analiandika upya. Kisha anaweka alama ya vema. Wamebaki thelathini na mmoja.