Mchanga wa Sori

Fundi aliyetushonea sare za shule hapa Kehancha aliolewa huku kwetu kutoka Sori, kando ya ziwa. Kila siku ya soko alinunua gorogoro moja, kopo la kupimia, ya omena, wale dagaa wa ziwani, kwa Phelesia, mchuuzi wa kwao. Sisi tulinung'unika kwamba omena hiyo, kwa kuanikwa ufuoni, ilijaa mchanga wa kukwaruza meno. Yeye aliiosha kwenye karai, akamwaga maji polepole, kisha mchanga uliobaki akauanika juani na kuutandaza chini ya cherehani. Hapo alivua viatu. Alipoacha kukanyaga cherehani ili anipime mabega, vidole vyake vya miguu viliendelea kuchimba mchangani. "Wewe bado unakua tu? Utammaliza mama yako kwa vitambaa!" Kuku wa jirani waliuchakura mchanga wote kabla wiki haijaisha.

Mwaka wa tisini na sita Phelesia alikuja akijigamba kwamba siku hizi wanaanika juu ya nyavu, mchanga hakuna hata chembe. Soko zima lilimshangilia. Fundi alizamisha mkono guniani mpaka kiwiko, akautoa, akautazama.

"Phelesia, hii ni mboga tu. Kwetu umekuacha wapi?"

Phelesia alicheka mpaka akajishika kiuno. Wiki hiyo nzima fundi alishona amevaa viatu. Soko lililofuata, kabla hajafungua gunia la omena, Phelesia alibeba mfuko mdogo, mzito, akaenda nao moja kwa moja hadi kwenye cherehani. Fundi tayari alikuwa ameinama, anafungua kamba za viatu.