Ukuta Ambao Jemimah Aliukataa

"Mwambie huyo mgeni mawe yake ayarudishe Keroka," Jemimah aliniambia, na mgeni mwenyewe amesimama hapo hapo, kofia mkononi.

Mgeni ni Lewis, mume wa binti yake Linet; ameleta mawe ya kumjengea mama mkwe ukuta. Kwetu Kisii mama hagombani na mkwe wake uso kwa uso, ni aibu. Basi jirani ndiye anageuzwa simu, na jirani wa Jemimah hapa Nyanchwa ni mimi.

Mwizi alikuwa amepenya kwenye ua wa zamani uliooza, akaenda na ndama. Amebaki ng'ombe mmoja, na ndiye anamlisha Jemimah tangu afiwe na mume. Mama huyu hatii maji kwenye maziwa, wala sukari kwenye maneno.

"Mama, mwelezee," Lewis akaniomba. "Ukuta mrefu, vipande vya chupa juu. Mwizi atapitia wapi?"

"Mwulize, akishapita, nani atamwona?"

Nikawaambia wote wawili wanywe chai.

Lewis hakukubali. Akingoja fundi, alisimamisha mabati upande wa kwangu, marefu, hata mlango wa Jemimah sikuuona tena. Kesho yake, mchana mweupe, nimekaa nachambua mboga, nikasikia ng'ombe anapumua nyuma yangu. Kugeuka, ni Jemimah ameshika kamba.

"Nimemwiba," akasema. "Ulisikia nini? Nimehangaika na fundo mpaka nikakaa chini kupumzika. Mwizi akishafichwa na ukuta, ana nafasi hata ya kunywa uji. Mwite mgeni aone."

Nilicheka mpaka mboga zikamwagika. Lewis alikuja, akamtazama ng'ombe, akatazama mabati, akakuna kichwa. Hapo nilimpenda: hakubishana na ng'ombe.

Akaweka waya wa wavu kwenye nguzo za saruji, na lango moja tu, linalotazama mlango wangu. Nje ya waya akapanda kayaba, ile miti ya miiba, ya kukatwa iishie kiunoni isizibe macho. Mashimo alichimba mwenyewe, shati limelowa. Mawe yakawa sakafu ya zizi.

Sasa Lewis alikuwa bado anadaiwa mbuzi mmoja wa mahari, na kila Krismasi alikuja ameinamisha macho kwa sababu yake.

"Mwambie," Jemimah akasema, akiitazama kayaba, "yule mbuzi asimlete tena. Atanilia miche. Tumemalizana."

Lewis akaweka jembe chini. "Mwambie mama, asante."

"Amesikia," nikasema. "Si kiziwi."